Vyuo vikuu binafsi Tanzania: vilitoka wapi, nani alivikuza, na kwa nini vingine vimepungukiwa wanafunzi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, mabishano huwa ni yale yale. Mzazi mmoja anaapa kwamba mwanawe hatasoma chuo binafsi kwa sababu "vile ni vya waliofeli". Mwingine anamjibu kwamba daktari aliyempasua alisomea huko huko. Wa tatu anauliza kama Bodi ya Mikopo inawakopesha wanaosoma binafsi, na watu wanne wanampa majibu manne. Jambo moja huwa halitajwi kabisa katika kelele hizo: vyuo hivi havikuota pembeni mwa serikali. Sheria ya serikali ndiyo iliyovizaa, fedha ya serikali ikavinenepesha, na viliposinyaa, sehemu kubwa ya sababu ilikuwa maamuzi ya serikali hiyo hiyo. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kama mafumbo yanafunguka.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Chuo kikuu cha umma ni kile ambacho mmiliki wake ni serikali, na mishahara ya wahadhiri wake inatoka Hazina. Chuo kikuu binafsi ni kile chenye mmiliki mwingine yeyote: kanisa, taasisi ya Kiislamu, familia, kampuni, au mfuko wa kutoka nje. Vyote, vya umma na binafsi, vya Bara na vya Zanzibar, viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano. Hapo kuna mkanganyiko mdogo wa kuuondoa: taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo cha Uhasibu Arusha zinatoa shahada lakini msimamizi wake ni NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Hilo halizifanyi kuwa binafsi. Ni mali ya umma, ila zina mlezi mwingine.

Kuna pia chuo kikuu kishiriki. Hiki kina mkuu wake, majengo yake na wahadhiri wake, lakini kiko chini ya chuo mama. Kiweke akilini, maana vyuo vingi binafsi vimekua kwa njia hiyo.

Miaka thelathini bila chuo kikuu binafsi

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi ambao hawakufika ishirini. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Julai 1970 kikajitegemea kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wengi hadi leo kinaitwa Mlimani tu. Kitivo cha Kilimo kilichokuwa Morogoro kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Hadi miaka ya 1980 inakwisha, nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu hivyo viwili.

Kwa nini makanisa, ambayo yalikuwa na shule tangu enzi za Wajerumani, hayakufungua chuo kikuu? Jibu la haraka ni "ujamaa", nalo si la uongo, ila halijaeleza kitu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, elimu ya juu ilikuwa sehemu ya mpango wa taifa wa kupata wataalamu. Serikali ilikadiria inahitaji mainjinia wangapi na walimu wangapi, ikawasomesha kwa gharama yake, kisha ikawapangia kazi. Shule za misheni zilitaifishwa, seminari zikaachwa. Azimio la Musoma la 1974 likaongeza sharti kwamba mhitimu wa sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Katika utaratibu ambao serikali ndiyo mlipa ada, mgawa nafasi na mwajiri, chuo kikuu binafsi kingemuuzia nani shahada? Hata kama sheria ingeruhusu, soko halikuwapo.

Soko lilianza kuchipua chini, kwenye sekondari. Serikali ilikuwa imeweka nguvu zake kwenye shule za msingi, na nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno. Wazazi, jumuiya na makanisa wakajenga sekondari zao, na serikali ikaachia. Miaka ya 1980 inapofungwa, sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezidi za serikali kwa idadi. Watu wengi hawakihesabu kipindi hicho katika historia ya vyuo vikuu, lakini mimi nakiona ndicho mwanzo. Ukishawazoesha wazazi kulipia kidato cha kwanza hadi cha sita, kulipia mwaka wa kwanza wa shahada hakuwashtui tena.

Kilichobaki kilimaliziwa na hali ya uchumi. Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mapema miaka ya 1990 ukaja uchangiaji gharama: mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye hadi hapo alikuwa anasomeshwa bure, akaanza kutoa chochote kutoka mfukoni. Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa kwa sheria ya 1992, cha umma bado, lakini kikiwa kimekiri kwamba Mlimani na Morogoro havitoshi.

Mlango wa 1995

Mwaka 1995 ndio wa kukumbukwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka huo ilikaribisha sekta binafsi katika ngazi zote, na Sheria ya Elimu ikarekebishwa ili kuunda Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Ithibati ni uthibitisho kwamba chuo kina walimu, maktaba, maabara na mitaala inayostahili shahada. Kwa mara ya kwanza palikuwa na ofisi ambayo mtu asiye serikali angeweza kwenda na kuomba kufungua chuo kikuu.

Waliofika mlangoni hawakuchelewa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, likaja na Tumaini, chenye vyuo vishiriki Makumira, Iringa na KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Profesa Hubert Kairuki, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyekuwa amefungua hospitali yake Mikocheni mwaka 1987, akaanzisha chuo cha udaktari ambacho leo kinabeba jina lake. Baraza la Maaskofu Katoliki likaanzisha Mtakatifu Augustino, SAUT, jijini Mwanza mwaka 1998. Zanzibar, mwaka huo huo, kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na Chuo cha Elimu pale Chukwani. Hebu tazama: chuo kikuu cha serikali ya Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kufundisha 2001. Visiwani, binafsi walitangulia na serikali ikafuata.

Hapa ndipo dhana ya "vyuo vya wafanyabiashara" inapoanza kuyumba. Vingi vya vyuo hivi havikuanzia kwenye kiwanja kitupu. Makumira palikuwa chuo cha theolojia tangu 1954. Nyegezi, ilipo SAUT, Kanisa Katoliki lilikuwa likitoa mafunzo tangu 1960. KCMC na Bugando ya Mwanza, ambazo nazo zina vyuo vya udaktari, ni hospitali za rufaa zilizofunguliwa mwaka 1971. Ukisoma kwamba chuo fulani "kilianzishwa 1997", mara nyingi ujue kilipandishwa hadhi mwaka huo, na nyuma yake kuna miongo ya kufundisha wachungaji, wauguzi au waandishi wa habari.

Mkono wa serikali nao haukuwa mbali. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza 2005, kimekaa katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, ambayo serikali ya Rais Mkapa iliyatoa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa Anglikana, kilichoanza 2007 jijini Dodoma, kiko pale ilipokuwa Sekondari ya Mazengo. Bugando ilichukuliwa na serikali mapema miaka ya 1970, ikarudishwa kwa Kanisa 1985, na mpaka leo, kwa makubaliano kati ya pande hizo mbili, serikali inalipa mishahara ya watumishi wengi wa hospitali hiyo na ya KCMC. Mwanafunzi wa udaktari anayesoma chuo binafsi huko anafundishwa wodini na daktari ambaye mshahara wake unatoka Hazina. Mstari kati ya umma na binafsi upo kwenye karatasi, wodini hauonekani.

Mkopo unaomfuata mwanafunzi

Hadi 2004 vyuo hivi vilikuwa vidogo. Vingi vilikuwa na wanafunzi mia kadhaa, ambao wazazi, parokia au wafadhili wa nje waliwalipia. Kilichovikuza ni Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Katika mwezi huo huo TCU nayo ilianza, ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati, ila sasa ikisimamia vya umma na binafsi kwa sheria moja.

Bodi ya Mikopo haikopeshi chuo, inamkopesha mwanafunzi, na mwanafunzi anakwenda na mkopo wake popote penye ithibati. Ni kama serikali ingeacha kununua mabasi na badala yake ikampa kila abiria nauli. Mwenye daladala hapewi ruzuku hata senti, lakini ghafla kituoni kuna abiria wengi wenye nauli mkononi, na kila mwenye uwezo wa kununua basi ananunua. Njia zinaongezeka, magari yanaongezeka, na yapo mazima na mabovu. Siku serikali ikipunguza nauli, basi halipigwi marufuku. Linakosa abiria tu, kisha linaegeshwa.

Na abiria walikuwa wanakuja kwa maelfu. Mwaka 2004 ulianza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, uliozaa shule za kata nchi nzima. Shule zile zilitaka walimu, nyingi zikiwa na wawili au watatu kwa watoto mia kadhaa. Serikali ilikuwa ikiajiri karibu kila mhitimu wa ualimu aliyepatikana. Sasa jiweke katika kiti cha mkuu wa chuo binafsi kipya. Shahada ya uhandisi inadai karakana na mashine. Udaktari unadai hospitali. Shahada ya ualimu wa Historia na Kiswahili inadai ukumbi mkubwa, ubao, kipaza sauti na wahadhiri wachache. Mwanafunzi ana mkopo, na akihitimu ana ajira. Ungefungua kozi gani?

Walifungua hiyo, karibu wote. SAUT ikatawanya vyuo vishiriki Iringa, Tabora, Mtwara na Moshi. Wamoravian walikuwa Mbeya, Wasabato na Wabaptisti Arusha. Tumaini ikaota matawi. Mji ambao mwaka 2000 haukuwa na hata chuo kimoja cha shahada ukawa na wanafunzi wanaopanga vyumba uswahilini na kusubiri bumu, fedha ya chakula na malazi, ili mzunguko wa mtaa mzima uchangamke. Sidhani kama serikali peke yake ingeupata umati ule wa walimu wa shule za kata kwa muda mfupi vile, hata baada ya kujenga Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Ni mchango ambao haupewi heshima yake.

Udhaifu wa vyuo vile ulikuwa wahadhiri. Majengo hujengwa kwa miaka miwili, mwenye shahada ya uzamivu hutengenezwa kwa zaidi ya kumi. Vyuo vipya vikawategemea waliostaafu vyuo vya umma na wale waliokuja kufundisha kwa muda, mtu anateremka Ijumaa jioni, anafundisha Jumamosi na Jumapili, anarudi kwake. Madarasa ya mamia, mitihani ya mamia, msahihishaji mmoja. Lawama nyingi kuhusu ubora zinaanzia hapo, na nyingi zilikuwa za haki.

Mwaka 2010 TCU ikaanzisha mfumo wa pamoja wa udahili. Mwombaji aliandika machaguo yake kwenye mfumo mmoja, nao ukampanga kulingana na alama na nafasi. Kwa vyuo binafsi vilivyokuwa havijulikani hii ilikuwa neema: waliokosa nafasi Mlimani walipangwa vilipo viti vitupu, na viti vitupu vilikuwa kwao. Nadhani wazo la "chuo cha waliofeli" lilikomaa hasa katika kipindi hiki. Waliopangwa huko hawakufeli. Walikuwa na sifa kamili, ila walikuwa wameshindwa kinyang'anyiro cha chaguo la kwanza.

Mfereji ulipofungwa

Kati ya 2015 na 2017 mambo manne yalikuja karibu kwa pamoja, na kila moja peke yake lingetikisa.

Ajira kwanza. Katikati ya 2016 serikali ya Rais Magufuli ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi, na ilipoanza tena kuajiri walimu, kipaumbele kilikuwa sayansi na hisabati. Mwalimu wa Historia aliyehitimu akabaki nyumbani, na mdogo wake aliyekuwa akijaza fomu alimwona. Mikopo nayo: vigezo vya 2016 viliweka mbele kozi za afya, uhandisi, sayansi na ualimu wa sayansi, na waliopata mkopo mwaka wa kwanza wakapungua sana. Yaani nauli ilipunguzwa kwenye njia ile ile ambayo mabasi mengi binafsi yalikuwa yanapita.

Tatu, ukaguzi. TCU ilifanya uhakiki maalumu wa vyuo, na Julai 2017 ikavizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, pamoja na kusimamisha programu 75 katika vyuo vingine. Vingi vilikuwa binafsi. Kuna vyuo vilivyofungwa moja kwa moja katika kipindi hicho na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vya umma. La nne, mwaka huo huo mfumo wa pamoja wa udahili uliondolewa, baada ya Rais mwenyewe kusema hadharani kwamba wanafunzi wasipangiwe vyuo wasivyovitaka. Tangu hapo mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, na chuo kisicho na jina hakiletewi tena mtu.

Waliolalamika kwamba serikali ilitaka kuviua vyuo binafsi walikuwa na hoja, lakini hawakueleza kwa nini vya afya havikuumia vile vile. Kairuki, KCMC na Bugando viliendelea kujaza, kwa ada ambayo ni mara kadhaa ya ada ya kozi za sanaa. Vyenyewe vilikuwa na hospitali, na kozi ambayo nchi bado inaililia. Vilivyoumia ni vile vilivyosimama kwenye shahada moja ya bei nafuu iliyotegemea mwajiri mmoja.

Kwa hiyo, kwa yule mzazi na maswali yake. Sifa za chini za kujiunga na shahada ni zile zile, umma na binafsi, maana zinawekwa na TCU. Kinachotofautiana ni ushindani: kozi inayoombwa na maelfu itachukua wenye alama za juu tu, popote ilipo, na ndiyo maana udaktari wa chuo binafsi unaweza kuwa mgumu kuupata kuliko kozi nyingine ya chuo cha umma. Mkopo upo kwa wote wenye sifa. Tatizo liko kwenye pengo: kwa muda mrefu Bodi imekuwa ikilipa ada ya chuo binafsi kwa kiwango kinacholingana na cha chuo cha umma, na kinachozidi ni juu ya familia. Uliza pengo hilo ni shilingi ngapi kabla ya kuthibitisha nafasi, si baada ya kusajiliwa.

Kuhusu faida, wapo wenye kampuni, lakini vyuo vingi vikubwa ni mali ya taasisi za dini zisizogawana gawio. Hilo halifanyi ada iwe ndogo. Chuo cha umma mishahara kinaletewa, chuo cha kanisa kinailipa kutoka kwenye ada hiyo hiyo, na darasa likipungua nusu, mshahara wa mhadhiri haupungui nusu. Ndiyo sababu miaka ya wanafunzi wachache ilikuja na mishahara iliyochelewa na vyuo vishiriki vilivyofungwa.

Sasa kuna mshindani mwingine. Mradi wa serikali wa kupanua elimu ya juu, HEET, wenye dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioanza 2021, unapeleka kampasi za vyuo vya umma mikoani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Kagera na Lindi, Muhimbili Kigoma, na nyingine. Kwa miaka kumi na tano hoja kubwa ya chuo binafsi cha mkoani ilikuwa "tuko karibu nawe". Hoja hiyo inapungua nguvu kila jengo linapokamilika, na vyuo vinavyoelekea kupona ni vile vinavyotafuta kozi ambayo jirani wa umma hana.

Jambo la mwisho kwa anayejaza fomu sasa hivi. Ithibati ina sehemu mbili: ya chuo na ya programu. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, na hata kuwa na hati idhini (charter), huku kozi moja ndani yake ikiwa imesimamishwa au haijaidhinishwa, kama ilivyotokea kwa zile 75 za mwaka 2017. Kwa hiyo kuuliza kama chuo kimesajiliwa hakutoshi. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, nenda kwenye jina la chuo, kisha shuka na kidole hadi uione kozi yenyewe, pamoja na idadi ya nafasi zake.